Pelé, Keane, Thiago: Nyonga haiponi kwa kisu peke yake

ALISHINDA Kombe la Dunia mara tatu, mwaka 1958, 1962 na 1970. Hakuna mchezaji mwingine duniani aliyefanya hivyo. Mabeki walimpiga viatu, wakamvuta jezi, wakamkanyaga, lakini Pelé aliinuka, akajipangusa na kuendelea kuwakimbiza.

Februari 2020, mtu huyohuyo alikuwa hataki kutoka nje ya nyumba yake.

Aliyelisema hilo hadharani ni mwanaye, Edinho, ambaye naye aliwahi kuwa kipa wa Santos. Katika mahojiano na chombo kimoja cha habari cha Brazil, Edinho alieleza kuwa baba yake hawezi kutembea vizuri bila msaada, anaona aibu kuonekana katika hali ile na amekuwa mnyonge. Sababu ni nyonga.

Pelé aliwekewa nyonga bandia mwaka 2012. Baada ya hapo mashabiki wakaanza kuzoea kumwona na fimbo, kisha kwenye kiti cha magurudumu, kama ilivyokuwa kwenye droo ya Kombe la Dunia jijini Moscow, Desemba 2017. Mwaka mmoja kabla yake, Olimpiki ilipofunguliwa Rio de Janeiro, nyumbani kwao kabisa, alijitoa akisema mwili haumruhusu.

Ila kilichopaswa kuwashtua watu wa mpira ni sentensi moja tu ya Edinho. Alisema baada ya upasuaji ule mzee hakupata mazoezi tiba kwa kiwango kilichotakiwa.

Pelé mwenyewe alijibu siku chache baadaye kwamba yuko sawa, kwamba ana siku nzuri na siku mbaya kama mtu yeyote wa umri wake. Alifariki Desemba 29, 2022 akiwa na miaka 82, na kilichomuua ni saratani, siyo nyonga. Lakini somo la nyonga yake limebaki, na linamhusu kila anayevaa njumu, kuanzia staa wa Ulaya hadi kijana wa ndondo.

Somo lenyewe ni hili: Daktari wa upasuaji anacheza kipindi cha kwanza tu. Kipindi cha pili ni cha fizio na mgonjwa, na ndicho kirefu.

NYONGA INAVYOMTESA MCHEZAJI

Nyonga ni kiungo cha mpira na kikombe. Kichwa cha mfupa wa paja ni duara kama mpira, nacho kimekaa ndani ya kikombe kilichopo kwenye mfupa wa fupanyonga. Vyote viwili vimefunikwa na gegedu laini linaloteleza, na kikombe kimezungushiwa ukingo wa gegedu unaoshika kichwa kisichomoke.

Sasa fikiria anachofanya mwanasoka. Anapiga shuti, anageuka ghafla, anafanya tackling, anapanua miguu kuzuia krosi. Kila tendo kati ya hayo linapita kwenye nyonga.

Kuna tatizo linaloonekana sana kwa wanasoka, ambapo kichwa cha mfupa wa paja hakiwi duara kamili. Kinakuwa na nundu upande wa mbele. Mchezaji akikunja paja na kulizungusha, nundu ile inagonga ukingo wa kikombe. Ikigonga mara elfu nyingi, ukingo unachanika na gegedu linaanza kulika.

Tafiti zimeonyesha nundu hiyo huwapata zaidi vijana waliocheza mpira kwa nguvu na kwa wingi katika umri wa kubalehe, wakati mifupa bado inakua. Kwa hiyo jeraha linalomtoa mtu uwanjani akiwa na miaka 30 huenda lilianza kutengenezwa akiwa na miaka 13.

Ubaya wake ni kwamba maumivu huanza kwenye kinena. Mchezaji anadhani ni misuli tu, anachuliwa, anapumzika wiki mbili, anarudi. Anaumia tena. Inaweza kupita misimu kabla mtu hajapiga picha ya nyonga yenyewe.

KIUNGO ALIYEANGUSHWA NA KIUNGO

Roy Keane anakumbukwa kwa mengi, na mpole si mojawapo. Mwaka 2002 ulikuwa wake wa misukosuko. Mei aliondoka kambi ya Jamhuri ya Ireland kule Saipan kabla Kombe la Dunia halijaanza, baada ya kugombana na kocha Mick McCarthy. Agosti 31 akalimwa kadi nyekundu dhidi ya Sunderland kwa kumpiga kiwiko Jason McAteer.

Septemba akaenda kupasuliwa nyonga.

Alikuwa na miaka 31. Akakaa nje miezi kadhaa, na adhabu ya mechi tano aliyopewa na FA ikamkuta akiwa huko huko kwenye matibabu. Alirejea Desemba na Mei 2003 Manchester United ikabeba ubingwa wa England.

Ukiishia hapo, unasema amepona. Lakini Februari 2003, miezi miwili tu baada ya kurudi uwanjani, Keane alitangaza hataichezea tena Ireland, akieleza kuwa ni ushauri wa madaktari kuhusu nyonga yake. Alibadili uamuzi huo mwaka 2004, ila ujumbe ulikuwa umefika. Nyonga ile ilikuwa na bajeti. Ukitumia huku, unapunguza kule.

Sir Alex Ferguson aliliandika hilo katika kitabu chake cha mwaka 2013. Alieleza kuwa majeraha, nyonga ikiwamo, yalimpunguzia Keane nguvu zake, na benchi la ufundi lilijaribu kumbadilishia majukumu ili aache kukimbia uwanja mzima kama zamani. Anakiri haikuwa rahisi kumshawishi mtu aliyejijengea jina kwa kukimbia boksi hadi boksi.

Desemba 2005 alihamia Celtic, timu aliyoishabikia tangu utoto. Akabeba ligi na Kombe la Ligi. Juni 2006 akatundika daluga, kwa ushauri wa madaktari, nyonga ikitajwa kuwa sababu. Alikuwa hajafikisha hata miaka 35.

DAKIKA CHACHE ZA THIAGO

Mashabiki wa Liverpool hawahitaji kukumbushwa kuhusu Thiago Alcantara. Fundi wa pasi, bingwa wa Ulaya na Bayern Munich mwaka 2020, mtu ambaye mpira ulikuwa ukimtii.

Mwishoni mwa Aprili 2023 Liverpool ilitangaza kuwa kiungo huyo atafanyiwa upasuaji wa nyonga. Msimu ukaisha, mwingine ukaanza, mashabiki wakaendelea kuuliza anarudi lini.

Alirudi Februari 4, 2024 ugenini kwa Arsenal, akitokea benchi dakika za mwisho kabisa. Liverpool ililala 3-1. Zaidi ya miezi tisa ya kusubiri ikawa imeishia kwenye dakika chache, kwa sababu baada ya mechi hiyo akapata jeraha la misuli. Hakucheza tena. Julai mwaka huohuo akatangaza kustaafu, umri miaka 33.

Hakuna anayeweza kusema Thiago alikosa wataalamu. Alikuwa kwenye klabu yenye bwawa, mashine na mafizio wa kila aina. Kisa chake kinafundisha jambo jingine: nyonga ikikaa miezi bila kazi, mwili mzima unapoteza mazoea. Paja, kinena, nyama za nyuma ya paja, ndama, vyote vinarudi vikiwa wageni wa mechi. Ndiyo maana fizio mzuri hatibu nyonga tu, anamjenga mtu upya kuanzia kiuno hadi unyayo.

MURRAY, MTU WA KOFIA YA CHUMA

Mfano unaotia moyo unatoka nje kidogo ya soka, ingawa mwenyewe ana damu ya soka. Andy Murray, bingwa wa tenisi, babu yake aliichezea Hibernian ya Scotland, na yeye mwenyewe akiwa kijana alipata nafasi ya kufanya mazoezi Rangers akaikataa ili abaki na raketi.

Januari 2018 alipasuliwa nyonga ya kulia jijini Melbourne. Haikutosha. Januari 2019, katika jiji hilohilo, alilia mbele ya wanahabari akisema maumivu ni makali kiasi kwamba hata kuvaa soksi na viatu ni kazi. Akacheza na Roberto Bautista Agut, akafungwa kwa seti tano, na waandaaji wakarusha video ya kumuaga.

Wiki mbili baadaye akaingia tena chumba cha upasuaji, London. Safari hii kichwa cha mfupa wa paja kilichongwa, kikavishwa kofia ya chuma, na kikombe chake kikawekewa chuma pia. Aliyemwonyesha njia ni Bob Bryan, mcheza tenisi wa Marekani aliyefanyiwa upasuaji wa aina hiyo Agosti 2018 na kurejea uwanjani Januari iliyofuata.

Juni 2019 Murray alishinda taji la wachezaji wawili wawili pale Queen's, London, akiwa na Feliciano Lopez. Oktoba akamfunga Stan Wawrinka kwenye fainali ya Antwerp, akicheza peke yake. Aliendelea hadi Olimpiki ya Paris 2024 ndipo akaaga.

Angalia alivyopanga kurudi kwake. Hakuanza na mechi za peke yake. Alianza na za wawili, ambako eneo la kukimbia ni nusu. Alipanda ngazi moja moja. Hiyo ndiyo fiziotherapia yenyewe.

HATUA KWA HATUA

Kwanza lazima ieleweke kuwa upasuaji wa nyonga si mmoja. Kuna ule wa matundu madogo, ambapo daktari anaingiza kamera, anasaga nundu na kushona ukingo uliochanika. Huo ndio wa wachezaji wengi. Kuna wa kofia kama wa Murray. Na kuna wa kubadilisha nyonga nzima, kama wa Pelé, ambao wengi hufanyiwa wakiwa wameshastaafu. Kila mmoja una ratiba yake, na anayeamua ni daktari na fizio wa mgonjwa husika. Lakini mwendo wake unafanana.

Mwanzo ni kulinda. Kwa upasuaji wa matundu, mchezaji hutembea na magongo kwa wiki kadhaa, kwa kawaida kati ya mbili na sita, na zaidi kama gegedu nalo limetibiwa. Haruhusiwi kukunja nyonga kupita kiwango alichopewa wala kuizungusha ovyo, kwa sababu pale paliposhonwa panahitaji muda wa kushika.

Kulinda hakuna maana ya kulala. Ndani ya siku za mwanzo fizio humkunjia mgonjwa mguu taratibu na kuuzungusha duara dogo dogo ili kovu lisigande ndani ya kiungo. Baiskeli ya mazoezi isiyo na uzito huanza mapema. Mgonjwa hukaza makalio akiwa kitandani, anahesabu sekunde tano, anaachia. Zoezi linaonekana la kitoto, lakini baada ya upasuaji misuli hiyo huzima kama taa, na lazima iwashwe upya.

Kisha inakuja hatua ya kujifunza kutembea. Pembeni ya nyonga kuna msuli unaozuia kiuno kisizame mtu anaposimama kwa mguu mmoja. Ukiwa dhaifu, mtu anayumba kama bata. Ndiyo maana fizio hamwondolei mchezaji magongo kwa kuangalia kalenda. Anamwangalia anavyotembea. Ukitupa magongo huku unachechemea, unaufundisha mwili kuchechemea, na kuisahaulisha tabia hiyo huchukua muda mrefu kuliko kuizuia.

Vidonda vikikauka vizuri, bwawa linaingia. Maji yanabeba uzito, mtu anatembea bila kuumia. Baada ya hapo ni nguvu: kuinua kiuno akiwa amelala chali, kutembea pembeni akiwa na mpira wa kuvuta magotini, kupanda na kushuka stuli, kuchuchumaa kidogo kwa mguu mmoja mbele ya kioo ili aone kama goti linaingia ndani.

Kukimbia kwa mstari ulionyooka mara nyingi husubiri hadi mwezi wa tatu hivi. Kugeuka, kuruka na kupiga mpira huja baadaye. Kurudi kwenye mechi za ushindani huchukua miezi minne hadi sita, na wengine zaidi.

Na mlango wa mwisho una mtihani. Mguu uliopasuliwa hulinganishwa na mzima kwa kuruka, kusukuma na kubana. Wataalamu wengi hutaka ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake. Misuli ya ndani ya paja hupimwa pia, maana huko ndiko kinena kinakosubiri kumlipizia mchezaji.

MAKOSA YANAYORUDISHA MTU KITANDANI

Kosa la kwanza ni haraka. Wiki ya sita maumivu mengi yameisha, mchezaji anajiona mzima. Kumbe maumivu yamewahi kuondoka, nguvu bado haijarudi.

La pili ni kufanya zoezi sahihi kwa wakati usio sahihi. Kulala chali na kuinua mguu ulionyooka, zoezi ambalo kila mtu gym anakuambia ulifanye, linaweza kuchokoza misuli ya mbele ya nyonga likianzishwa mapema. Misuli hiyo ikivimba, wiki kadhaa zinapotea.

La tatu ni kuvumilia dalili za hatari kwa kudhani ni sehemu ya kupona. Ndama kuvimba na kuuma, kifua kubana, kupumua kwa shida, homa, au kidonda kutoa usaha si mambo ya kumsubiri fizio wa Jumatatu. Ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, maana damu kuganda mguuni ni hatari inayojulikana baada ya upasuaji wa nyonga.

La nne ni la kichwa. Mchezaji aliyepasuliwa anaogopa kuuamini mguu wake. Anapiga pasi za karibu, anakwepa kugombea mpira. Hofu hiyo nayo inatibiwa kwa mazoezi, kwa kumrudisha kwenye mgongano kidogo kidogo, siyo kwa kumwita mwoga.

MAMBO YA NYUMBANI

Kwa Tanzania, nyonga hubadilishwa hapahapa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, inafanya upasuaji huo, na wataalamu wa fiziotherapia wamekuwa wakifundishwa KCMC Moshi kwa miongo kadhaa. Kisu kipo na walimu wapo.

Shida ipo kwenye yale yanayofuata baada ya mtu kutoka wodini. Klabu kubwa ina fizio wake. Kijana wa ligi ya mkoa anarudi nyumbani kwa bajaji, ana karatasi ya mazoezi mfukoni na tarehe ya kliniki. Nauli ya kwenda kliniki mara mbili kwa wiki ni hesabu nyingine. Akikosa wiki ya kwanza, ya pili inakuwa rahisi kukosa.

Kisha kuna maisha yenyewe. Aliyebadilishiwa nyonga mara nyingi huambiwa kwa wiki za mwanzo asikunje kiuno kupita nyuzi 90, asikae kwenye kiti kifupi, asipandanishe miguu, na alale na mto katikati ya mapaja. Sasa mwambie hayo mtu mwenye choo cha kuchuchumaa, anayekula kwenye mkeka na kuswali kwa kusujudu. Ndiyo maana mambo haya huulizwa kabla ya upasuaji, siyo baada. Kiti kilichotobolewa katikati kinaweza kuwekwa juu ya choo. Chakula kinaweza kuliwa mezani. Swala inaruhusiwa kwa kukaa kwenye kiti kwa aliye mgonjwa. Fizio anayeuliza nyumbani kwako kukoje amefanya nusu ya kazi yake.

Hata ngazi zina kanuni. Kupanda, unatanguliza mguu mzima. Kushuka, unatanguliza gongo na mguu uliopasuliwa. Mzima juu, mgonjwa chini. Ni rahisi kukumbuka, na imewaokoa wengi kuanguka.

Mazoezi mengi yaliyotajwa hapa hayahitaji mashine. Yanahitaji mkeka, ukuta, kipande cha mpira wa kuvuta na mtu wa kuhesabu. Kinachohitajika zaidi ni fizio wa kuyapanga na kuyabadilisha kadiri mguu unavyopata nguvu, na viongozi wa timu wanaoelewa kuwa mchezaji akitoka hospitali bado ni wao. Kulipia upasuaji halafu kumsahau mchezaji ni sawa na kusajili straika na kumnyima viatu.

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, mashabiki huuliza nani anakuja. Ni mara chache kusikia wakiuliza nani anamsimamia yule aliye kwenye magongo, amefikia wiki ya ngapi, na jana alifanya mazoezi yake au hakufanya.

Pelé alikuwa na kila kitu ambacho mpira unaweza kumpa mtu. Kwa maelezo ya mwanaye, kilichopungua ni yale mazoezi madogo madogo ya kuchosha, yasiyo na mashabiki wala kamera, yanayofanywa kila asubuhi kando ya kitanda.